Sura ya Sita: Pumzi ya Besi

Hasira za Inspekta asubuhi ile zilianza na bomba.

Alikuwa amejibanza nyuma ya kinanda kikubwa cha kanisa, mahali ambapo waumini hawafiki, akigonga mabomba kwa ukucha, moja baada ya jingine. Yale ya mbele, yanayoonekana na watu kutoka chini, yaliitika kwa mlio mzuri wa chuma cha zamani. Ya nyuma yalijibu kama ndoo ya kufulia. Akatoa ufunguo wa nyumba yake, akakwangua. Rangi ya fedha ikabanduka, na chini yake ikachungulia plastiki ya kijivu.

"Koplo, njoo uniambie hili ni nini."

Koplo, kijana mrefu aliyezoea kutumwa bila kuelezwa, akainama akatazama. "Bomba la choo, afande."

"Na kanisa hili lilijengwa lini?"

"Babu yangu alilikuta, na babu yake naye alilikuta."

"Basi hao waliolijenga walikuwa na mabomba ya choo ya plastiki?"

Koplo alirudi nyuma hatua moja. Kituoni Inspekta alijulikana kwa jina la Msumari, kwa sababu akishaingia mahali hatoki mpaka ang'olewe, na Koplo alikwisha kujifunza kwamba msumari ukiwa moto haushikwi.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi na kilimkera kuanzia kichwa hadi mkia. Jumapili iliyopita kanisa lilisherehekea jubilei yake. Askofu alikuja, watu wakajaa mpaka uani. Kinanda hakikupigwa, kwa kuwa kilikuwa bado mikononi mwa fundi, mzee mmoja mgeni aliyeitwa kukifufua. Badala yake kwaya iliimba wimbo wake mkuu, wa Kilatini, wa sauti tupu, uliotungwa na padri yule yule aliyesimamia ujenzi wa kuta hizi za mawe. Wimbo ulipokwisha, fundi wa kinanda alikutwa ndani ya chumba kidogo cha mivukuto ya kupulizia hewa, nyuma ya kinanda, amepasuliwa kichwa kwa nyundo yake mwenyewe.

Aliyemkuta alikuwa mtunza kanisa. Alikuwa huko huko juu kwenye roshani ya kwaya, upande wa pili wa kinanda, akisubiri kwenye kamba ya kengele ili aipige wimbo ukiisha. Alimwinua maiti, akachafuka damu. Ufunguo wa chumba ulikuwa mfukoni mwake. Wiki nzima alikuwa amegombana na fundi kwa sababu ya takataka za mbao. Askari wa zamu hawakuhitaji zaidi ya hapo, wakamtia pingu mbele ya Askofu.

Na wengine wote waliokuwa juu? Walikuwa wanaimba. Huo ndio ukuta ambao Msumari alikuwa akiugonga kwa kichwa siku zote hizo. Ngazi ya kupandia ni moja, na chini yake alikaa dereva wa Askofu, aliyeapa kwamba hakupanda wala kushuka hata paka. Mlango wa chumba ukifungwa haufunguki kwa nje bila ufunguo, lakini fundi alikuwa ndani, na mtu akibisha hodi humfungulia. Alipowaambia hivyo wenzake kituoni walimcheka. Amfungulie nani, na wote wanaimba?

Simu ikalia. Alikuwa Mkuu wa kituo.

"Msumari, mzee wako anasomewa mashtaka saa nane."

"Mkuu, mabomba ya kinanda yameibwa. Nusu nzima ya nyuma ni plastiki iliyopakwa rangi. Fundi aliliona hilo siku ya kwanza alipokifungua."

"Mabomba hayaui mtu."

"Aliyeyaiba anaua."

"Aliyefanya ukarabati wa kanisa ni Mkandarasi, na Mkandarasi anaimba besi. Askofu mwenyewe kasema wimbo ule ulimtoa machozi. Unataka nisimame mahakamani nipinge machozi ya Askofu?" Mkuu akavuta pumzi. "Saa nane. Kabla ya hapo niletee kitu, au usiniletee kelele."

Simu ikakatika. Msumari aliitazama kama mtu anayetazama mkono uliompiga kofi. Kisha akaanza tena kazi, kwa kuwa hasira bila kazi ni moshi tu. Akapiga tochi sakafuni. Mbao zote za nyuma ya kinanda zilikuwa na vumbi la miaka, isipokuwa mahali pawili, karibu kabisa na ule mlango mdogo, palipolika na kung'aa kama kizingiti kinavyolika. Alipatazama kwa muda, akapaweka akilini, akazima tochi.

Upande wa mbele kwaya ilikuwa imekusanyika. Walikuwa wanafanya mazoezi ya maziko ya fundi, yaliyopangwa kesho yake.

Mwalimu wa kwaya alikuwa mtu mkavu, mwenye shati lililopigwa pasi hadi kola ikasimama yenyewe. Alimpokea kwa adabu ya mtu anayehesabu kila neno analopoteza.

"Afande, tumekwisha kuyajibu haya."

"Mtayajibu tena. Jumapili, wakati wa wimbo, kila mtu alikuwa mahali pake?"

"Kila mtu."

"Kwenye mistari?"

"Kwenye mistari," akasema Mwalimu, na nyuma yake kwaya nzima ikaitikia, "kwenye mistari," soprano hadi besi, kwa sauti iliyopangika vizuri mno. Msumari aliwahi kuhoji wezi, matapeli na wake wenza, lakini hakuwahi kusikia uongo wenye sauti nne.

Mkandarasi alijitokeza mstari wa nyuma, mtu mnene mwenye tabasamu la nyumba kubwa. "Dada yangu, sisi sote tumeumia. Mzee wa watu aliyeko selo hata mimi namhurumia, lakini hasira ni mbaya. Watoto wake wakihitaji msaada, mimi nipo."

"Ana mtoto mmoja, na hakuomba msaada wako. Ulisimama wapi?"

"Hapa nilipo. Na shemeji yangu huyu kando yangu. Sisi ndio besi ya chini kabisa. Muulize."

Shemeji mtu alikuwa Daktari wa meno. Alikuwa amemuoza dada yake kwa Mkandarasi, na alionekana kana kwamba yeye ndiye bado analipa mahari. Pua yake ilipinda kidogo, imevunjika zamani, na kila akivuta pumzi ilitoa filimbi nyembamba. Alifuta miwani yake, akafuta tena.

"Kando yake," akasema.

"Hukuona chochote? Hukusikia chochote?"

"Tulikuwa tunaimba, afande."

Msumari akageukia mashine iliyosimama juu ya miguu mitatu pembeni. "Hiki ni kinasa sauti?"

"Ni cha kwangu," akasema Mwalimu. "Jumapili hakikufanya kazi. Betri."

Mama mmoja wa sauti ya pili, aliyekuwa akijipepea kwa karatasi ya nota, akacheka kidogo. "Na sisi tumepona. Kila wiki anatukalisha hapa anatusikilizisha makosa yetu, nani kapumua vibaya, nani kapotea. Wiki hii Mungu katuhurumia."

Mwalimu alimkata jicho. Mama akarudi kujipepea. Koplo, bila kutumwa, akabonyeza mashine, na taa yake ya kijani ikawaka sawasawa.

"Betri inaonekana imetubu," Msumari akasema.

"Siku nyingine hukubali, siku nyingine hukataa. Ni kitu cha zamani."

Hapakuwa na la kumshika nalo. Msumari akashuka ngazi kwa kishindo, makusudi, ili wamsikie.

Chini, kwenye benchi la mwisho, alikaa binti wa mtunza kanisa. Alikuwa fundi cherehani mwenye duka dogo nyuma ya soko, na tepu yake ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Toka baba yake akamatwe hakulia mbele ya mtu.

"Wanakuambia nini huko juu?" akauliza.

"Wanaimba jibu moja."

"Na baba?"

Msumari akaketi kando yake. "Baba yako ananikasirisha kuliko wao. Nimekaa naye selo mara tatu. Namuuliza nani alikuwa karibu na chumba kile, ananijibu, waulize wanakwaya wenyewe, mimi niliapa. Aliapa nini? Hasemi. Kisha ananiuliza nani anapiga kengele siku hizi. Mtu yuko kwenye tundu la kitanzi anauliza kengele."

Binti alivuta tepu yake, akaizungusha kwenye kidole mpaka kikawa cheupe. "Nikikuambia, hatanisamehe."

"Usiponiambia, hatakuwepo wa kukusamehe."

Binti akatazama juu, ambako mazoezi yalikuwa yameanza tena. "Umeshawahi kusikia ule wimbo wao? Kuna sauti moja chini kabisa, inaanza mwanzo wa wimbo na haikatiki mpaka mwisho. Watu husema ni kinanda kinajiimbia chenyewe. Wanatoka mbali kuja kusikia. Wengine hupiga magoti. Nilipokuwa mdogo nilimpelekea baba chakula huko juu nikachungulia nyuma ya kinanda. Nikawaona wanaume wawili wamesimama gizani wanaimba, midomo yao karibu na mbao. Ilikuwa Jumapili. Baba alinichapa siku ile, na hakuwahi kunichapa kabla wala baada." Akaishika tena tepu. "Kila anayeingia kwaya anaapishwa asiseme. Na mtunza kanisa vilevile. Mimi mwenyewe nilidhani hii haihusiani na kesi, maana walisema wote walikuwa kwenye mistari."

Msumari alisimama taratibu. Alikumbuka mahali pawili palipolika sakafuni, hatua chache tu kutoka kwenye mlango mdogo. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mtu amekufa, mtu mwingine anangoja kusomewa mashtaka, na watu wazima wenye wake na wajukuu wamekaa wanalinda mchezo wa kujificha.

"Baki hapa," akamwambia binti. "Na uache kukinyonga hicho kidole."

Alipanda ngazi mara hii bila kishindo. Aliwakuta katikati ya wimbo, akaupasua kama mtu anayepasua kitambaa.

"Nyamazeni. Mwalimu, nionyeshe wanaposimama besi ya chini wakati wa wimbo ule."

"Nimekwambia, afande, kwenye..."

"Nyuma ya kinanda sakafu imelika mahali pawili. Nani ameila, panya?"

Kwaya ikawa kama watu waliomwagiwa maji. Wengine walitazama viatu vyao. Mama wa sauti ya pili aliacha kujipepea. Mwalimu alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa ya mtu anayetetea kaburi la babu yake.

"Hujui unachokigusa. Padri aliyejenga hapa hakuwa na kinanda bado. Alitaka watu wasikie kitu kisichoisha. Akawaficha waimbaji wawili. Kinanda kilipokuja, kikawekwa mbele yao, na desturi ikabaki. Vizazi kwa vizazi, afande. Noti ile haijawahi kukatika. Wawili wanaibiana pumzi. Huyu akivuta, yule anashika, hakuna anayevuta mahali pa mwenzake. Unaweza kukaa humu kanisani kutwa nzima ukasikiliza, hutasikia mtu akipumua. Hakuna kwaya nyingine inayoweza kufanya hivyo. Hakuna."

Alisema kwa fahari iliyomsahaulisha alikuwa anaongea na nani. Msumari alimwacha amalize. Alikuwa ameshakiona alichokuwa anakitafuta.

"Haijawahi kukatika," akasema polepole. "Pumzi haijawahi kusikika."

"Kamwe."

"Basi kwa nini umeficha kilichonaswa Jumapili?"

Mwalimu akaitazama mashine yake.

"Kila wiki unawasikilizisha makosa yao. Jumapili ya jubilei, mbele ya Askofu, betri inakufa. Leo asubuhi imefufuka. Kaseti iko wapi, au kadi, au chochote unachotumia?"

Kola ya Mwalimu ilisimama, lakini mtu aliyekuwa ndani yake alikuwa anapungua. Mkono ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa ndani wa koti. Akatoa kadi ndogo, akaishika kwa vidole viwili.

"Kuna pumzi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba wa nyuma walitega masikio. "Katikati ya wimbo. Inasikika. Ningewezaje kuitoa? Watu wangesema nini? Nilitaka kuichoma nikashindwa, maana soprano zilikuwa nzuri sana siku ile."

Hapo ndipo Msumari alipopandisha sauti, kwa mara ya kwanza na ya mwisho siku ile.

"Kuna mzee amelala kwenye sakafu ya saruji tangu Jumapili. Ana kifua kibovu, anakohoa mpaka mahabusu wenzake wanamhurumia. Nimemuuliza, amekataa kuwasaliti ninyi. Ninyi. Na wewe umetembea na kadi hii mfukoni, umekula nayo, umelala nayo, umekuja nayo hapa kumfundisha mtu kumwimbia maiti, kwa sababu ya pumzi. Ungemwacha afungwe ili watu wasisikie mtu akipumua."

"Sikujua kwamba ina uhusiano..."

"Hukutaka kujua. Koplo, iweke."

Koplo akaipachika kadi. Wimbo ukamwagika kutoka kwenye mashine ndogo, ukapanda kwenye mawe ya dari, na hata Msumari katika ghadhabu yake alielewa kwa nini watu hupiga magoti. Soprano zilikuwa juu, safi, hazina haraka. Chini yao kulikuwa na ile noti nene, imetulia kama sakafu. Ikashika. Ikashika. Kisha ikakonda. Palepale, chini ya sauti ya tatu, ukasikika mluzi mwembamba, halafu shimo. Noti ikarudi, sauti moja tu. Ukapita muda, ukaja mluzi tena, shimo tena. Ilikwenda hivyo, inachechemea, mpaka karibu na mwisho. Kisha ile besi nyingine ikarudi, na iliporudi ilikuwa imepanda kidogo, inatetemeka, sauti ya mtu aliyetoka mbio.

Mama wa sauti ya pili alijifunika mdomo kwa karatasi yake ya nota.

"Mmoja wa wale wawili aliondoka," Msumari akasema. "Hakushuka ngazi. Hakupita mbele yenu. Alipiga hatua mbili akabisha mlango mdogo, na fundi akamfungulia, maana alimjua. Sasa nataka kujua aliyebaki ni nani. Mkandarasi, njoo usimame mahali pako. Shika noti, peke yako, mpaka nikwambie."

Mkandarasi alicheka. "Dada, huu ni mchezo wa..."

"Shika noti."

Akasimama nyuma ya kinanda, penye mojawapo ya sehemu zile zilizolika sakafuni, na miguu yake ikaenea humo kama ndani ya kiatu cha zamani. Akaimba. Sauti ilikuwa nzuri, ni lazima isemwe. Alipovuta pumzi aliivuta kwa mdomo wazi, kimyakimya, mtu aliyefundishwa.

"Basi. Daktari."

Daktari wa meno hakusogea. Koplo akamgusa kiwiko, akaenda. Alisimama kwenye sehemu ya pili iliyolika, akafumba macho, akaanza noti. Ilidumu. Kila mtu pale juu alikuwa anaihesabu kifuani mwake mwenyewe. Kisha ikamwishia, akavuta pumzi, na pua yake ikapiga ule mluzi mwembamba.

Mtu mzima akivuliwa nguo hadharani, watu hutazama pembeni, na kwaya yote ilitazama pembeni.

"Ulibaki peke yako," Msumari akamwambia. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Uliimba badala ya watu wawili. Alikuambia nini alipokuacha?"

"Ni mume wa dada yangu," akasema Daktari.

"Najua. Alikuambia nini?"

"Aliniambia, shemeji, ishike peke yako kidogo. Huyo fundi anagongagonga humo ndani, atatuharibia. Ngoja nikamnyamazishe."

"Ulimsikia fundi akigonga?"

"Hapana."

"Na aliporudi?"

Daktari akavua miwani, safari hii hakuifuta. "Aliimba."

Mkandarasi alikuwa ametoka nyuma ya kinanda, tabasamu limebaki usoni kwa kusahauliwa tu. "Mnasikiliza mashimo ya hewa mnayaita ushahidi? Shemeji yangu ni mgonjwa wa woga tangu utoto. Hakimu atawacheka."

"Hakimu nitampa na mabomba," Msumari akasema. "Nusu ya kinanda ni plastiki, na wewe ndiye uliyekifunga baada ya ukarabati. Fundi alikuonyesha, sivyo? Alikuambia misa ikiisha atampandisha Askofu huku ajionee mwenyewe. Ulikuwa na muda wa wimbo mmoja. Koplo, piga simu kituoni, wakapekue yadi yake, wakitafute chuma cha zamani chenye rangi ya fedha. Kisha mfunge pingu."

Koplo alitekeleza yote kwa mpangilio. Pingu zilipolia, Mkandarasi aliwageukia wenzake, si Msumari, na alisema kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa kweli.

"Na kesho? Besi ya chini nani ataimba? Huyu mwenye filimbi puani? Itakatika mbele ya watu wote. Mtaaibika."

Baadhi yao, na hili Msumari hakuwasamehe kamwe, walionekana kulifikiria.

"Ikatike," akasema, akamsukuma mbele kuelekea ngazi.

Mkuu wa kituo alipopigiwa simu aliuliza kwanza kama Askofu ameshajulishwa. Saa nane ilifika na mtunza kanisa hakusomewa shtaka lolote. Jua lilikuwa limeinama alipotolewa selo. Kaunta walimrudishia mkanda, leso na bunda zito la funguo, na alizipokea kama mtu anayepokea mkono wa mtoto. Binti yake alimshika upande mmoja. Msumari alitembea upande wa pili, hakusema mengi, kwa kuwa alikuwa bado anachemka na hakutaka kumchomea mzee.

"Umewaambia wewe," mzee akamwambia binti yake njiani. Halikuwa swali.

"Ndiyo, baba. Nichape tena ukitaka."

Mzee alikohoa, akaendelea kutembea. "Nilidhani wao watasema. Kila asubuhi nilijiambia, leo watasema wenyewe, haiwezekani wakae kimya. Mimi nilikuwa nawalindia siri yao wasiaibike. Nilijua na wao wananilinda."

Mwalimu wa kwaya alikuwa anawasubiri mlangoni mwa kanisa. Kola yake ilikuwa imelegea. Nyuma yake walisimama wanakwaya wachache, mikono mbele, kama watoto walioitwa ofisini.

"Mzee wetu," akaanza, "tunashukuru sana. Wewe ni mwaminifu kuliko sisi sote. Hukutoa siri. Tumekuombea kila siku..."

"Kadi ulikuwa nayo tangu lini?" mtunza kanisa akauliza.

"Kadi?"

"Nimeambiwa kulikuwa na kadi. Yenye wimbo."

"Tangu Jumapili."

"Mfukoni mwako."

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Mfukoni."

Mzee akatikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu anayepimiwa kitu dukani na kuona kweli kimepungua. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mnara. Ilikuwa ndiyo saa yake. Tangu ujana wake, mvua au jua, homa au msiba, saa hii alipanda ngazi ile akashika kamba, na mtaa mzima ukajua kwamba siku imeisha na watoto warudi ndani. Macho yake yalipanda yenyewe hadi kwenye dirisha la roshani, mahali kamba ilipo. Binti aliyaona, akamwachia mkono ili apite.

Lakini mzee hakupita. Alizitoa funguo zile, akaushika mkono wa Mwalimu, akaufungua, akaziweka ndani yake zote, kisha akamfumba vidole kimoja kimoja mpaka vikashika.

"Mzee, kengele," akasema Mwalimu. "Watu wanasubiri."

"Najua wanasubiri," mtunza kanisa akasema. "Twende nyumbani, mwanangu."

Walishuka ngazi za mbele, baba na binti, bila haraka. Msumari alibaki amesimama mlangoni, mikono mifukoni, anamtazama Mwalimu aliyekuwa anatazama funguo. Hakuna aliyejua ni upi unaofungua mlango wa kamba ya kengele. Ng'ambo ya barabara mwanamke mmoja alitoka kibarazani, akatazama juu, akatazama saa ya mkononi, kisha akamuuliza jirani yake kama mzee wa kengele bado hajaachiwa.